Diski Iliyovaa Kanga

Kijana wa dukani alipoifungua ile kanga, harufu ya udi ilijaa kibanda kizima, na mimi nikajikuta nimeshika ukingo wa meza kama mtu aliyeitwa ghafla kwa jina lake la utotoni. Shida iliyonipeleka pale ilikuwa ndogo. Niliipandisha kompyuta yangu mfumo mpya, na tangu hapo kila nikichomeka diski ya zamani ya mama inaniandikia kwamba ina hitilafu, inafaa ikaguliwe. Hapa Lindi mjini mafundi wa kompyuta siku hizi ni wengi kuliko wauza mihogo, kwa hiyo niliitoa sandukuni kama mama alivyoiacha, na vazi lake, nikaitia mkobani, nikaenda.

"Dada, hii diski au bibi harusi?" kijana akauliza, huku akikunjua pindo la mwisho.

Nilicheka. Mama angekuwapo angemjibu vizuri kuliko mimi, lakini mama tulimzika Kivinje kabla ya mvua kuanza, na majibu yake mengi amekwenda nayo. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Udi ule ukaniondoa pale nilipokuwa, ukanirudisha kwenye chumba kimoja chenye dirisha la mbao lisilofunguliwa, ambako mashine ilikuwa ikivishwa nguo kabla ya watoto wa nyumba.

Tulikaa Kilwa Kivinje, nyuma ya moja ya yale majengo ya Mjerumani yaliyoota miti kwenye kuta zake. Baba alikuwa dereva wa lori la korosho, na katika safari zake za Dar alirudi siku moja na kamera ya video na kompyuta iliyokwisha kutumika, akiwa na ndoto ya kufungua duka la kuchapa barua. Barua zenyewe Kivinje ni ngapi? Vitu vile vingeota kutu na ndoto yake kama mama asingeona jambo ambalo baba, kwa uanaume wake, hakuweza kuliona. Kila harusi ya kwetu ilikuwa na nusu mbili. Wapiga video wa kutoka Kilwa Masoko waliipata ile nusu ya nje: masheikh, sinia za pilau, bwana harusi akitoka jasho ndani ya joho. Nusu ya ndani, ya singo, bibi harusi anaposuguliwa liwa na manukato, na ya ngoma za wanawake, ambako ndiko harusi ilikokuwa hasa, hakuna mwanamume aliyeruhusiwa hata kuchungulia. Mama akaichukua kamera, akajifunza mwenyewe kwa kukosea, na kabla mwaka haujageuka kila mtu alikuwa akimwita Mama Video.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuanza, aliifunika kamera kwa kiganja, akaiwasha hivyo hivyo ikiwa gizani, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Mlango umefungwa?" Wanawake wote waliitikia kwa pamoja, "Umefungwa!" Hapo ndipo alipoondoa kiganja. Buibui zilitundikwa, mitandio ikatupwa juu ya vitanda, na bibi ambaye ukimwamkia njiani anakuitikia marahaba kwa sauti ya msibani, humo ndani alikuwa akikata kiuno mpaka wasichana wanajiona wazee. Mimi nilikuwa na kazi ya kushika waya usikanyagwe. Nilikuwa darasa la tatu, na niliona mambo ambayo mwalimu wangu wa hesabu hakupata kuyaona kwa mama yake mzazi.

Yote yale yaliishia kwenye kompyuta. Mama hakuyaita kazi wala biashara, aliyaita amana. Baba, mwenye mali, hakuingia chumba kile bila kupiga hodi na kusubiri. Lile boksi la kompyuta chini ya meza, ambalo sote tuliliita sipiyu, lilifunikwa kanga, na kila baada ya shughuli mama alilizungushia chetezo cha udi, kulia kisha kushoto, akinong'ona. Alikuwa anaondoa jicho. Wanawake wazuri namna ile wakikusanyika mahali pamoja, alisema, hasadi haiko mbali. Moshi uliingia kwenye vitundu vya nyuma ukatokea mbele, na mimi niliona ni jambo la kawaida kabisa, maana na sisi watoto tulifukizwa hivyo hivyo.

Sasa niseme nilivyoelewa mimi. Niliamini kwamba wanawake wale wamo humo. Si picha zao, wao. Niliona wakitoka kwenye kioo wakicheza, nikaona wakitoweka mama akizima, na kwa akili yangu lazima walikuwa wamekwenda kukaa mahali. Nilidhani ndani ya boksi wamekunjwa vizuri kama kanga zinavyokunjwa sandukuni, na kale kataa kekundu ka mbele, kalikokuwa kakipepesa kila kompyuta ikiwaka, ni mmojawapo akiangalia kama kuna mgeni. Nikiingia chumbani nilisema "Shikamooni" kwa adabu zote. Hakuna aliyeitika, na kusema kweli jambo lile lilikuwa likiniudhi kidogo.

Kisha akaja mjomba Jabiri, mdogo wake mama, likizoni kutoka chuo huko Dar. Alikuwa na suruali ya kuning'inia na maoni juu ya kila kitu. Alikaa mbele ya kompyuta muda mfupi tu, akasikitika.

"Dada, hii mashine inaburuza kinoma. Windo yenyewe ya kizamani. Ngoja nikupigie mpya, fasta tu."

"Utagusa amana za watu."

"Sigusi. Diski ina vyumba viwili, dada. Video zako ziko chumba cha nyuma, windo iko chumba cha mbele. Mimi nafagia cha mbele tu."

"Ukivuka hapo, Jabiri," mama akamwambia, "nitasahau kama tulinyonya ziwa moja."

Jabiri, lazima niseme, alitimiza ahadi. Hakuvuka. Ilipofika alasiri kioo kikawaka rangi ya bahari ya saa nne, maandishi yakawa mapana na ya kung'aa, na mama mwenyewe akatabasamu. Akafungua chumba cha nyuma kuhakikisha. Hapo akapiga ukelele uliomtoa baba uani na ndoo mkononi.

Mfumo wa zamani ulikuwa ukizionyesha video kama vijikaratasi vinavyofanana, kila kimoja na jina lake chini. Huu mpya ulikuwa na tabia nyingine. Ulichungulia ndani ya kila video, ukachukua picha moja, ukaibandika nje. Kioo kizima kikajaa wanawake wa Kivinje vichwa wazi, mstari juu ya mstari. Mama alitupa kanga juu ya kioo na kumsukuma mdogo wake mlangoni kwa mikono miwili.

"Toka! Toka nje!"

"Dada, sijaona kitu!"

"Umeona!"

"Nimeona kiwiko! Haki ya Mungu, kiwiko tu, tena sijui cha nani!"

Na mimi niliwaona, na nilielewa kwa namna yangu. Chumba cha mbele kimefagiliwa, wamesikia fagio, wametoka mlangoni kutazama ni nani.

Tangu siku ile mashine haikupumzika. Kataa kekundu kaliacha kupepesa, kakawa kanawaka moja kwa moja, maana mfumo mpya ulitaka kuchungulia kila video iliyokuwamo, na zilikuwa nyingi na ndefu. Boksi likanguruma. Mama, kwa sababu Jabiri alikuwa bado anazunguka nyumbani na macho yake, akaliongezea kanga ya pili na hakuiondoa hata kompyuta ikiwaka. Udi akauzidisha. Jabiri akarudi chuoni akiamini ametuachia jambo la maana.

Halafu ikaanza ile sauti. Ka-cha. Ka-cha. Inanyamaza kidogo, halafu ka-cha tena. Kompyuta ikawa inajizima yenyewe katikati ya kazi. Ukiiwasha inaleta kioo cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza, inasema inakagua diski, inahesabu asilimia, inafika mahali inagoma. Mama akampigia Jabiri simu.

"Iache ikague, dada, itajitengeneza yenyewe," Jabiri akasema.

Akaiacha ikakagua kutwa. Ilipokubali kufunguka, video zilikuwa zinacheza kidogo kisha zinaganda, na nyuso za watu zinakatika vipande vya mraba kama kashata zilizopangwa vibaya. Akairudisha kukagua. Ikazidi. Mimi nilijua sababu, ila hakuna aliyeniuliza. Wale wanawake walikuwa wamevuliwa stara mbele ya Jabiri, wamekasirika, na sasa wanagonga.

Pasingekuwa na jambo jingine, labda mama angelia akanyamaza. Lakini humo ndani alikuwamo Saida. Saida alikuwa binti pekee wa jirani yetu, Bi Zuhura, aliyekuwa akikaanga vitumbua kwenye kona ya soko. Aliolewa mwezi uleule aliokuja Jabiri, na mumewe akamchukua Tabora, mahali ambapo kwetu sisi palikuwa karibu sawa na Makka kwa umbali, ila bila thawabu. Siku ya singo yake Bi Zuhura hakumwona mwanawe hata kidogo. Hana dada, hana mkwe, na wageni walikuwa wengi, kwa hiyo tangu alfajiri mpaka watu wanaondoka alikuwa uani kwenye masufuria, anapepea moto kwa kipepeo cha ukili na kusikia ngoma ya mwanawe kupitia ukutani. Mama alimwambia siku ile, nikisikia kwa masikio yangu, "Wewe pika, Zuhura. Mimi nitakuwekea yote, utamtazama mpaka uchoke." Mama alikuwa hajawahi kuvunja neno lake kwa mwanamke yeyote wa Kivinje.

Sasa kila asubuhi, akirudi kutoka kuuza, Bi Zuhura alisimama kizingitini na beseni lake tupu.

"Mama Video, mwanangu kaamkaje?"

"Bado, Zuhura."

"Haya. Mwenyezi Mungu atamjalia."

Aliuliza kama mtu anavyomuulizia mgonjwa, akaondoka bila lawama, na hilo ndilo lililomuumiza mama zaidi. Angetukanwa angepumua.

Fundi alikuwapo, Masoko, safari ya haisi moja tu. Lakini neno lilipovuja kwamba kompyuta ya Mama Video inapelekwa kwa fundi mwanamume, baraza letu lilijaa buibui kabla ya adhuhuri. Bi Mwanahawa, aliyekuwa somo, yaani kungwi, wa nusu ya wanawali wa mji, alisema kwa niaba ya wote, bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, sisi tulicheza mlango ukiwa umefungwa. Ukiipeleka Masoko, umeufungua."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na mikono mapajani. Sikuwahi kumwona mdogo namna ile.

"Nisipoipeleka zinakufa," akasema. "Nikiipoteza amana yenu nimewaibia. Nikiionyesha nimewavua nguo. Niambieni nyinyi basi nifanye lipi."

Bi Zuhura, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa karibu na viatu, akakohoa.

"Fundi wa choo si huja nyumbani?" akauliza. "Huyo wa kompyuta ana nini hata afuatwe? Aje. Akae atazame ukuta, Mama Video abonyeze, yeye aseme tu kwa mdomo."

Wakacheka, kisha wakagundua kwamba hakuna kilichobaki cha kupinga.

Fundi Thadei alikuja na mkoba wa turubai. Alikuwa Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki, mwenye kipara na sauti ya upole, na nilipomwamkia aliitika marahaba akaniuliza nasoma wapi, kama watu wote wanavyofanya. Mama alimweleza masharti akiwa amekaza uso, tayari kugombana. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hata kwetu milimani kuna ngoma za akina mama," akasema. "Nilikwenda kuchungulia nikiwa mtoto. Nilichokipata sijakisahau. Nionyeshe ukuta wangu."

Wakatundika shuka katikati ya chumba. Fundi akakaa upande mmoja juu ya kigoda, pua yake karibu na chokaa. Upande wa pili mama kwenye kiti, Bi Zuhura na Bi Mwanahawa mkekani wakiwa walinzi, na mimi karibu na boksi. Mama akawasha.

"Imeandika nini?"

"Ile ile. Inataka kukagua. Inahesabu kurudi nyuma."

"Bonyeza kitufe chochote, upesi. Isianze."

"Nisiiache ijitengeneze?"

"Mama, nyumba ikiungua, unatoa watoto au unapaka chokaa?"

Mama akabonyeza. Niliona bega lake likishuka. Tangu Jabiri aondoke alikuwa akiichosha diski ile kwa kuikagua, akidhani anaitibu, na kumbe ilitakiwa aziokoe roho za watu kwanza.

"Hiyo sauti," fundi akasema nyuma ya shuka. "Ka-cha. Tangu lini?"

"Tangu mdogo wangu aliponipigia windo mpya."

"Na boksi liko wapi, mbona linasikika kama liko chini ya mto?"

Bi Mwanahawa akamtazama mama.

"Limefunikwa," mama akasema.

"Limefunikwa na nini?"

"Kanga mbili."

"Linawaka, na kanga mbili juu?"

"Kwa stara," mama akasema, na sauti yake ikafifia.

Fundi hakucheka, ingawa nilisikia akivuta pumzi kwa shida. Akaomba kioo kizimwe, akapitishwa upande wetu macho yake yakiwa kwenye boksi tu, akapiga magoti. Alipotoa ubavu wa boksi, harufu ya udi ilitoka kwa nguvu mpaka akapiga chafya. Feni ilikuwa imevaa ukungu mweusi wa kunata, mtamu, tabaka juu ya tabaka, shughuli juu ya shughuli. Haikuwa ikizunguka hata kidogo.

"Mmemvisha, mmemfukiza, mmemfungia pumzi," fundi akasema. "Windo mpya imemtwika kazi tu, ila alikuwa anakufa kwa joto zamani."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Bi Mwanahawa, na kwa mara ya kwanza siku ile mama akacheka, cheko la mtu aliyechoka.

Mimi sikucheka, kwa sababu fundi alikuwa amechukua bisibisi. Akafungua skrubu moja, akafungua nyingine, akachomoa kidubwana cha chuma kutoka tumboni mwa boksi, akakishika kiganjani. "Hawa hapa watu wenu," akasema. Nilijua sasa atakifungua, na wote watatoka vichwa wazi mbele ya mwanamume, na Saida atakuwa wa kwanza. Nikaokota ile kanga sakafuni nikaitupa juu ya mkono wake.

"Usiwafungue! Hawajavaa!"

Sijui kama alielewa yote. Nadhani alielewa ya kutosha. Alibaki amepiga magoti, mkono wake ndani ya kanga, akanitazama kama mtu anavyomtazama mtu mzima mwenzake.

"Siwafungui," akasema. "Hakuna anayewafungua hawa, hata mimi. Wakifunguliwa wanakufa. Haya, washike wewe. Wana joto?"

Akanipa. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na cha moto kama kifuniko cha sufuria.

"Wana homa," nikasema.

"Basi wapepee."

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi alisafisha feni kwa mswaki, akabadilisha kebo iliyokuwa imelegea, akairudisha diski bila kufunga ubavu wa boksi, akachomeka diski yake mpya ya nje, akarudi ukutani kwake. Bi Zuhura alikimbia nyumbani akarudi na kile kipepeo chake cha ukili, kilichoungua pembeni. Mama akahamisha faili moja moja, fundi akielekeza kwa mdomo, nasi tukapepea kwa zamu. Walipochoka watu wazima nilishika mimi. Nilipochoka, Bi Zuhura alinipokonya taratibu.

Wengi walipita. Mama alitaja majina kwa sauti, na kila jina Bi Mwanahawa alisema "Alhamdulillahi," kama anayepokea wasafiri. Saida akakwama. Ule mstari wa kijani ulikwenda nusu ukasimama, ka-cha ikarudi, kioo kikaandika kwamba faili haisomeki.

"Zima," akasema fundi. "Iache ipoe kabisa. Tusiilazimishe."

Tukakaa. Umeme ungekatika wakati wowote, tulijua. Gesi ya kuzalishia umeme ilikuwa ikitoka Songo Songo, ng'ambo tu hapo, lakini taa zetu zilikuwa na hiari yao. Bi Zuhura alipepea boksi lililozimwa bila kusimama. Nilitazama mkono wake. Ulikwenda vilevile ulivyokwenda siku ya singo, alipokuwa uani na masufuria, na mwanawe upande wa pili wa ukuta. Nilitaka kulia na sikujua kwa nini. Sasa najua.

Mama akawasha tena, akaruka ule ukaguzi, akajaribu. Nusu. Zaidi ya nusu. Akanong'ona sala ileile aliyokuwa akinong'ona na chetezo. Mstari ukafika mwisho, ukapotea.

"Kapita," mama akasema.

Fundi Thadei akasimama, bado ameupa mgongo upande wetu. "Mimi natoka nje nitafute chai," akasema, "maana ukuta huu nimeshaumaliza." Akapita nyuma ya shuka akiwa amejifunika macho kwa mkono, jambo ambalo halikuwa na haja, na akajikwaa kizingitini.

Mama akafungua video. Kioo kilikuwa cheusi chenye wekundu, kiganja chake mwenyewe, na sauti yake ikauliza: "Mlango umefungwa?" Wanawake wa ndani wakaitika, na wa mkekani wakaitika nao, "Umefungwa!" Kiganja kikaondoka.

Saida alikuwa amekaa katikati, mabega wazi, wanawake wawili wakimsugua liwa mikononi. Mtu alimtania jambo. Saida akatupa kichwa nyuma, meno yote nje. Video iliganda hapo kidogo, ikatetemeka, ikaendelea. Bi Zuhura alikuwa ameacha kipepeo mapajani.

"Kumbe alikuwa anacheka," akasema. "Mimi kule jikoni nilisikia, nikadhani analia."

Alimtazama mpaka magharibi. Mama hakumwambia inatosha.

Fundi aliacha diski ile ya nje kwetu. Alimwambia mama aivishe kanga atakavyo, mradi asiivishe ikiwa kazini. Mama akaikunja kwenye ile kanga niliyoitupa mimi, akaiweka sandukuni pamoja na udi, na tangu siku hiyo alipomaliza kazi alikuwa ananitania: "Nenda ukawaangalie kama wana homa." Aliendelea na shughuli miaka mingi, mpaka simu zikajaa mikononi mwa watu na hakuna mlango uliofungika tena. Hapo akaitundika kamera.

"Dada," akasema kijana wa Lindi, akanirudisha kibandani. "Hii inataka ukaguzi. Nibonyeze ijitengeneze?"

"Usiikague. Hamisha kwanza."

Akanitazama upya. "Kumbe we' fundi."

"Nimewahi kupepea diski moja," nikasema, na sikumfafanulia.

Faili zilihama vizuri zaidi kuliko nilivyotarajia. Ilipomalizika, kabla sijasema kitu, akabofya mojawapo kuona kama inacheza. Kioo kikawa cheusi chenye wekundu. Nilikuwa nimesahau. Mama alipiga video harusi zote za Kivinje, na katika zote hizo hayumo, maana alikuwa nyuma ya kamera. Picha yake ni hii tu: kiganja chake, mwanga ukipita katikati ya vidole, na hina iliyofifia kwenye ncha.

"Mlango umefungwa?" mama akauliza.

Nilinyoosha mkono nikasimamisha video hapohapo, kabla hawajaitika.

"Mdogo wangu," nikamwambia kijana, "samahani sana. Hebu toka nje kidogo."

"Nje? Dukani kwangu?"

"Kidogo tu."

Nadhani ni uso wangu uliomtoa. Akasimama barazani na simu yake, akishangaa. Nikavuta mlango, nikaukomea, nikarudi kukaa mbele ya kile kiganja.

"Umefungwa, mama," nikasema, na nikabonyeza iendelee.